TPDC yarudi Karatu kwa mlango wa Eyasi

Kila alfajiri katika miezi ya utalii, vituo vya mafuta vya mji wa Karatu huwa na foleni ya magari ya wageni. Madereva hujaza matangi kabla ya kuuanza mlima wa kwenda lango la Lodoare, kwa sababu gari likishashuka kreta ya Ngorongoro na kuipanda tena kwa gia nzito, dizeli hupungua haraka kuliko hesabu ya dereva. Katika foleni hiyo hiyo zimo pikipiki na pick-up zilizobeba madumu. Hayo hayaendi Ngorongoro. Yanateremshwa upande wa pili, kilomita zipatazo 50 za vumbi, hadi Mang'ola kandokando ya Ziwa Eyasi, ambako wakulima wa vitunguu huendesha pampu za kusukuma maji mashambani.

Mwenye gari la watalii na mwenye dumu hawalioni Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, katika biashara yao ya kila siku. Mafuta wanayonunua yana nembo za kampuni binafsi na bei yake huwekewa kikomo na EWURA. Kwa vijana wengi wa Karatu, TPDC ni shirika la gesi ya Mtwara na Lindi, mambo ya kusini huko.

Hata hivyo, tangu katikati ya miaka ya 2010 shirika hilo limekuwa likitafuta mafuta ghafi katika bonde la Eyasi-Wembere, ambalo ncha yake ya kaskazini imo ndani ya wilaya ya Karatu, chini ya magenge ya Ngorongoro. Ndege zimepita, visima vifupi vimechorongwa na timu za wataalamu zimefika vijijini kueleza kazi ya kupima mitetemo. Palipo na neno mafuta, matumaini na uvumi haviko mbali. Kwa mkulima anayetaka kujua atarajie nini, pa kuanzia ni historia ya shirika lenyewe.

Wakati lilipokuwa mnunuzi wa nchi nzima

TPDC liliundwa kwa Tangazo la Serikali Na. 140 la Mei 30, 1969, chini ya Sheria ya Mashirika ya Umma ya mwaka huo. Lilianza kazi mwaka 1973, na mwanzo wake haukuwa mwepesi, kwani mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla baada ya vita vya Waarabu na Israel. Tanzania haikuwa na tone lake la mafuta. Ilichokuwa nacho ni kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, Kigamboni, kilichofunguliwa mwaka 1966 kwa ushirikiano na Waitaliano wa AGIP.

Kazi ya TPDC ikawa ya pande mbili. Kwa upande mmoja liliagiza mafuta ghafi kwa niaba ya taifa, yakasafishwa TIPER, kisha yakauzwa kwa kampuni za usambazaji zilizoyafikisha mikoani. Kwa upande mwingine lilisimamia utafutaji wa mafuta na gesi kwa kuingia mikataba na kampuni za nje. Upande wa kwanza ndio wananchi waliouona, na mara nyingi waliuona kwa kukosa.

Wazee wa Mbulumbulu na Oldeani wanaoujua ukulima wa ngano na kahawa wa Karatu wanayakumbuka mambo hayo vizuri. Ngano ya nyanda za juu ilitegemea trekta, na trekta bila dizeli ni chuma. Baada ya bei kupanda tena mwaka 1979, na nchi ikiwa imetoka kwenye vita vya Kagera bila fedha za kigeni, mafuta yaligawiwa kwa vibali. Magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana. Mkulima aliyehitaji pipa la dizeli msimu wa kulima ilibidi apite ofisi kadhaa akiwa na barua mkononi, na mvua haikumsubiri.

Kusema kweli, si haki kulibebesha TPDC lawama zote za miaka ile. Shirika liliagiza kwa kadiri Benki Kuu ilivyolipatia dola, na dola hazikuwapo. Lakini si uongo pia kwamba mfumo wa mnunuzi mmoja uliwafanya wakulima wa mbali na bandari wawe wa mwisho kupata.

Mfumo huo ulikoma kwa mageuzi ya uchumi. Biashara ya mafuta ilifunguliwa kwa kampuni binafsi kikamilifu mwaka 2000, na wakati huo huo TIPER ikaacha kusafisha mafuta na kubaki ghala la kuhifadhia. TPDC, lililokuwa limeshika roho ya usafiri wa nchi, likajikuta halina tena biashara ya kuuza petroli. Kuanzia hapo Karatu ikalisahau.

Lilijaribu kurudi. Kampuni tanzu ya TANOIL ilianza biashara ya mafuta katika miaka ya 2020, na mapema ikaingia kwenye ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka wa fedha 2021/22 kwa kupata hasara. Kuuza mafuta kwa jumla ni biashara ya faida nyembamba na mtaji mkubwa, na jina la serikali halitoshi kushindana na wenye uzoefu wa miaka.

Leo mafuta ya mikoa ya kaskazini hushushwa hasa bandari ya Tanga kwa utaratibu wa kuagiza kwa pamoja. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, wilaya kwa wilaya, na mkazi wa Karatu anaweza kulinganisha bei yake na ya Arusha mjini au ya Loliondo, ambako umbali huongeza shilingi juu ya kila lita. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000 na serikali ikalazimika kutoa ruzuku kuanzia Juni mwaka huo. Msimu ule ulikuwa mgumu kwa wenye pampu za Mang'ola, na mbolea ya urea nayo ilikuwa imepanda.

Gesi iliyokaa miaka 30

Upande wa pili wa TPDC, yaani utafutaji, una historia ndefu na ndiyo inayowahusu zaidi watu wa Eyasi hivi sasa.

Kabla ya uhuru, BP na Shell walikuwa wametafuta mafuta Pwani na kuchoronga Mafia, Unguja na Pemba bila kupata cha kuvuna. Baada yao ikaja AGIP. Mwaka 1974 ilichoronga kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, ikitafuta mafuta. Ikapata gesi. Kwa hesabu za wakati ule gesi hiyo haikuwa na soko, na Waitaliano hawakuitaka. Ni TPDC lililoendelea kuchoronga visima vingine pale, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1980, kwa fedha za mikopo, ili kujua kiasi kilichopo. Huenda hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo shirika hili limewahi kulifanya, na halikupigiwa tarumbeta. Mwaka 1982 AGIP ilipata gesi nyingine Mnazi Bay, Mtwara. Nayo ikaachwa.

Wasomaji wa kurasa za kilimo wana sababu ya pekee ya kuikumbuka Songo Songo. Katika miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kuitumia gesi hiyo kutengeneza amonia na urea Kilwa. Kampuni iliundwa ikaitwa KILAMCO, na mbia wa Kimarekani akapatikana. Kiwanda hakikujengwa. Soko la mbolea duniani lilibadilika, fedha hazikukamilika, na mpango ukazimika. Kiwanda cha mbolea cha Tanga nacho kikafungwa mwaka 1991. Mkulima wa Karatu amebaki na fosfati ya Minjingu, ambayo ni jirani yake njia ya kwenda Babati, lakini urea yake ikaendelea kuja kwa meli huku gesi ya kuitengenezea ikiwa imelala chini ya ardhi ya nchi yake.

Gesi ya Songo Songo iliwaka kwa mara ya kwanza katika mitambo ya umeme ya Ubungo mwaka 2004, baada ya bomba la kilomita 232 kujengwa. Tangu kupatikana kwake hadi hapo ni miaka 30. Ya Mnazi Bay ilianza kutoa umeme wa Mtwara mwishoni mwa 2006, miaka 24 tangu iligunduliwa. Anayeota kwamba mtambo ukisimama Mang'ola leo kesho kutakuwa na neema, aitazame miaka hiyo kwanza.

Kuanzia 2010 kampuni za kimataifa zilipata gesi nyingi katika kina kirefu cha bahari, na hesabu ya nchi nzima ikafikia zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Sehemu kubwa ya hiyo ilibaki ikisubiri mradi wa kuisindika Lindi, ambao mazungumzo yake yamevuka awamu kadhaa za serikali. Wakati huo huo TPDC lilisimamia ujenzi wa bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, kilomita 542, kwa mkopo wa China wa dola bilioni 1.2, lililozinduliwa Oktoba 2015. Bomba ni la TPDC na deni lake pia. Ripoti za CAG za miaka iliyofuata zilionyesha likitumika kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, kwa sababu mitambo ya kuchoma gesi ilichelewa kuliko bomba.

Bomba hilo lilileta jambo jingine ambalo viongozi wa wilaya za Karatu na Ngorongoro wangefaa kulisoma kwa makini. Mwishoni mwa 2012 wananchi wa Mtwara waliandamana wakipinga gesi kusafirishwa kabla ya mkoa wao kunufaika. Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, zikazuka vurugu, mali zikateketezwa na watu wakapoteza maisha. Watu wa Mtwara walikuwa wamesikia ahadi za viwanda kwa miaka, kisha wakaona bomba linaelekea kwingine. Mkutano wa kueleza mambo hayo mapema usingegharimu hata sehemu ndogo ya yale yaliyoharibika.

Kwa nini Eyasi

Wanajiolojia wanalipenda bonde la Eyasi-Wembere kwa sababu ya ndugu zake. Bonde la Ufa lina tawi la magharibi na la mashariki. Katika tawi la magharibi, kando ya Ziwa Albert, Uganda ilipata mafuta mwaka 2006. Katika tawi la mashariki, Kenya iliyapata Lokichar, Turkana, mwaka 2012, katika kisima cha Ngamia-1. Eyasi nayo ni bonde la ufa. Ardhi imekatika na kuzama, na upande wa kaskazini-magharibi umebaki ukuta wa miamba ambao anayesimama Mang'ola huuona waziwazi. Ndani ya shimo hilo matope, mchanga na majivu ya volkano vimejazana kwa mamilioni ya miaka.

Mafuta huhitaji mambo manne. Lazima uwepo mwamba wenye mabaki ya mimea na viumbe vidogo vya ziwa la kale, joto la kuuiva kwa kadiri, mwamba wenye vitundu wa kuyahifadhi, na mfuniko wa kuyazuia yasipotee. Joto ndilo lenye fumbo katika nchi ya volkano. Likipungua, mafuta hayaivi. Likizidi, huungua yakawa gesi au yakatoweka kabisa. Mfuniko ukivuja, anayechimba hukuta mwamba mtupu.

Mfano wa kukatisha tamaa upo hapa hapa nchini. Mwaka 1987 kampuni ya AMOCO ya Marekani, kwa mkataba na TPDC, ilichoronga visima viwili katika bonde la Rukwa, Ivuna na Galula. Rukwa ni bonde la ufa lenye sifa zote za kuvutia. Mafuta hayakuonekana. Kilichowashangaza wengi ni kwamba miaka mingi baadaye Rukwa ilivutia kampuni nyingine kwa sababu ya gesi ya heli, na leseni za kutafuta heli zikachukuliwa pia upande wa Eyasi. Ardhi ina ukaidi wake.

Eyasi-Wembere si la kampuni ya nje. Ni miongoni mwa vitalu ambavyo TPDC lilijitengea lenyewe, jambo lililopata nguvu zaidi baada ya Sheria ya Petroli ya 2015 kulitambua kuwa Shirika la Mafuta la Taifa. Sheria hiyo iliondoa pia mkanganyiko wa miaka mingi, pale TPDC lilipokuwa mchezaji na refa kwa pamoja. Kazi ya kusimamia sekta ya juu ikapewa mamlaka mpya ya PURA, na TPDC likabaki la biashara.

Kitalu ni kikubwa, kikigusa mikoa ya Arusha, Manyara, Singida, Simiyu na Tabora. Kazi ilianzia angani kwa ndege zenye vipimo vya mvutano wa ardhi, ili kujua ni wapi udongo umejaa kwa kina. Baadaye vikachorongwa visima vifupi vya uchunguzi katika sehemu za kusini za bonde, na shirika likatangaza kwamba vimetoa dalili za kutia moyo. Dalili si mafuta. Hatua iliyofuata, kuanzia 2023, ni ya kupima mitetemo. Mikuza myembamba hufyekwa ikinyooka, vipokea sauti huwekwa ardhini, kisha ardhi hutikiswa na mwangwi unaorudi huchorwa ukawa picha ya matabaka. Picha ikionyesha umbo zuri ndipo huamuliwa kuchoronga kisima kirefu, na hicho hugharimu mamilioni ya dola na chaweza kutoka kikavu.

Ikitokea bahati, Eyasi ina kitu ambacho Rukwa ya 1987 haikuwa nacho. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, limepangwa kupita Igunga, Singida na Hanang, kusini mwa bonde hilo. TPDC lina hisa asilimia 15 katika kampuni ya bomba, sawa na shirika la Uganda, TotalEnergies wakiwa na 62 na CNOOC 8. Mafuta ya Eyasi yasingehitaji bomba jipya hadi baharini. Ni hoja ya kibiashara yenye uzito, na bila shaka ndiyo inayowafanya wakubwa wa shirika wasiliache bonde hili.

Hata hivyo, Uganda ilisubiri kutoka 2006 hadi Februari 2022 ndipo uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa. Kenya ilisafirisha mafuta kidogo kwa malori kwa majaribio, na Tullow iliyoyagundua imeuza mali zake za huko mwaka 2025 kabla uzalishaji wa kibiashara haujaanza.

Maji kwanza

Kwa mkulima wa tarafa ya Eyasi, jambo la kwanza kuuliza si mrabaha. Ni maji.

Ziwa Eyasi ni la chumvi na kina kifupi, na miaka ya ukame sehemu kubwa yake hubaki uwanda mweupe. Vitunguu havinywi maji ya ziwa. Vinanyweshwa na chemchemi za Qangded na jirani zake, ambazo chimbuko lake ni msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Mvua inayonyesha huko juu huzama kwenye miamba ya volkano na kutokea chini. Mifereji kutoka chemchemi hizo ndiyo iliyoigeuza Mang'ola kuwa jina la kitunguu hadi masoko ya Nairobi, na foleni ya zamu ya maji tayari ni chanzo cha ugomvi miaka ya mvua haba, bila mtambo wowote wa mafuta.

Kisima cha utafutaji hutumia maji kwa kutengeneza tope la kuchorongea. Uzalishaji hutumia mengi zaidi, kwani maji husukumwa ardhini ili kuyafukuza mafuta yapande. Uganda ilipanga kuyachota Ziwa Albert. Kenya ilipanga kuyaleta kwa bomba kutoka bwawa la Turkwel. Eyasi yatatoka wapi? Swali hilo lina nafasi yake kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi, na wananchi wana haki ya kusikilizwa na NEMC. Kijiji kinachofika kwenye kikao hicho kikiwa na vipimo vyake vya maji ya chemchemi, masika na kiangazi, kina la kusema kuliko kijiji kinachofika na malalamiko.

La pili ni ardhi. Mkuza wa mitetemo hupita siku chache na kwenda zake, lakini ukipita kitaluni miche ikiwa imeshahamishwa, hasara ni ya msimu mzima. Fidia ya mazao hutegemea viwango vya mthamini, na mkulima asiyeshuhudia shamba lake likihesabiwa hana ushahidi baadaye. Ardhi ikitwaliwa moja kwa moja, sheria za ardhi za 1999 na kanuni zake zinadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati, ikiwamo posho ya usumbufu na ya usafiri, na riba endapo malipo yatachelewa zaidi ya miezi sita. Bomba la Hoima limegusa zaidi ya watu 9,000 upande wa Tanzania, na wengi wao walithaminiwa mali mwaka 2018 na 2019 wakalipwa miaka kadhaa baadaye. Katika kipindi hicho walikaa bila kujua wapande nini wala wajenge nini.

Wahadzabe wana shida ya namna yake. Wao ni watu zaidi kidogo ya elfu moja, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali katika vichaka vya kuzunguka ziwa. Mthamini huhesabu nyumba, miti ya matunda na mazao. Kichaka cha Mhadzabe hakina nyumba ya bati wala mwembe, na kwenye daftari la fidia kitaonekana kitupu. Kwa bahati, sehemu ya jamii hiyo imepata hati miliki za kimila kuanzia 2011 upande wa Yaeda, na vijiji vya Mbulu na Karatu vimekuwa vikipokea fedha za hewa ukaa kwa kuuhifadhi msitu ule ule. Hapo ndipo penye hesabu halisi. Msitu unaolipa kila mwaka kwa kuachwa umesimama hauwezi kuthaminiwa kama pori la bure.

Na kuna utalii. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Ngorongoro-Lengai kuwa jiopaki, eneo la urithi wa kijiolojia linalogusa wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Wageni wanaolala Karatu siku mbili badala ya moja, mara nyingi hiyo ya pili wameipata Eyasi, kwa Wahadzabe na Wadatoga. Nyumba za wageni, waongoza wageni na wauza shanga wanaitegemea siku hiyo. Uganda imeruhusu visima ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, na mabishano yake hayajesha. Magenge ya juu ya Eyasi ndiyo mpaka wa eneo la hifadhi ya Ngorongoro, hivyo mabishano ya namna hiyo hayatakosekana hapa.

Fungu la Karatu

Sheria ya 2015 inataja mrabaha wa asilimia 12.5 kwa mafuta ya nchi kavu, na inalihakikishia TPDC ushiriki wa si chini ya asilimia 25 katika leseni, isipokuwa liamue vinginevyo. Fedha hizo huenda taifani, katika mfuko wa mafuta na gesi ulioundwa kwa sheria nyingine ya mwaka huo huo. Hakuna fungu la kijiji lililotengwa.

Kinachobaki wilayani ni ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, ambao Kilwa imekuwa ikiupokea kutokana na gesi ya Songo Songo. Ni fedha za maana kwa halmashauri ya kule, lakini zilidaiwa, hazikuletwa mlangoni. Ilibidi madiwani wajue kampuni ipi inauza gesi kwa nani na kwa kiasi gani. Madiwani wa Karatu wamezoea kuhesabu magunia getini, na wanajua jinsi lumbesa inavyoficha gunia jingine ndani ya gunia. Mafuta nayo yana lumbesa zake, ila zimo kwenye vitabu vya hesabu.

Ajira? Wakati wa mitetemo vijana wa vijijini huajiriwa kufyeka mikuza, kubeba vifaa na kulinda kambi, kwa wiki au miezi. Wakati wa kuchoronga kazi nyingi ni za mafundi waliosomea. Biashara ya kudumu zaidi ni ya kulisha kambi, yaani nyama, mboga, mchele na maji ya kunywa, na hapo Karatu ina uzoefu ambao wilaya nyingine za bonde hazina, kwa kuwa imelisha hoteli za kitalii kwa miaka. Anayejua kupeleka mboga hotelini kwa stakabadhi na kwa wakati anajua nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kusajili kampuni au ushirika na kuingia kwenye orodha ya wazabuni mapema, kabla wa Arusha na Dar es Salaam hawajafika.

Kwa sasa shamba la Mang'ola linaendelea na ratiba yake. Miche hupandikizwa, zamu ya maji hugombewa, na mavuno yakifika magunia hupangwa barabarani yakisubiri malori ya kwenda Namanga. Malori hayo hujazwa dizeli Karatu, na dizeli hiyo imetoka nchi za nje ikashushwa Tanga.